Moto Uani, Mtandao Sebuleni

Jumapili, 3 Machi

Daktari hakupindisha maneno. Aliiweka picha ya kifua cha mume wangu kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mzee wangu, mapafu haya yameshakula moshi wa kutosha. Ukiendelea kukaa mbele ya tanuri, sitakuwa na dawa ya kukupa." Mume wangu akaitazama picha kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani. Tulipofika nyumbani alipita moja kwa moja uani kuangalia makaa.

Mtaa mzima unamwita Fundi Moshi. Nyama yake ya kubanika inakaa kwenye tanuri tangu alfajiri mpaka alasiri, kwa moto wa taratibu, na ukiigusa kwa uma inaachana na mfupa yenyewe. Siri yake, akiulizwa, ni kukaa. Hukaa pale pale kwenye banda la tanuri, akifungua tundu la hewa kidogo, akilifunga kidogo, siku nzima. Tangu tuoane uani ni kwake, na chumba cha cherehani ni kwangu. Tukikutana mezani tunasalimiana kama wapangaji wa nyumba moja.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Anakohoa.

Alhamisi, 7 Machi

Binti yetu ametuma kifurushi. Ndani kuna kisanduku chenye kioo kidogo cha namba, feni ya kukaa kiganjani, na waya mbili zenye sindano ndefu mwishoni. Sindano moja inachomwa kwenye nyama, nyingine inaning'inizwa ndani ya tanuri. Feni inafungwa kwenye tundu la hewa. Moto ukipungua inapuliza, ukizidi inanyamaza. Kisanduku kinaunganishwa na waifai ya nyumbani, na mtu anasoma joto kwenye simu akiwa amekaa sebuleni.

"Anayesoma ni nani?" mume wangu akauliza.

"Baba, ni wewe," binti akasema simuni.

"Nyama haipikwi kwa simu." Akaondoka. Feni lakini aliibeba mkononi mpaka mlangoni, akaizungusha kwa kidole, ndipo akairudisha.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimejaribu kuunganisha, nimeshindwa. Binti anafanya kazi ya kupokea simu za wateja, na nadhani amesahau kwamba mimi ni mama yake.

"Asante kwa kusubiri. Sasa bonyeza kitufe cha pembeni mpaka taa iwe ya buluu."

"Imekuwa ya buluu."

"Vizuri sana. Fungua waifai kwenye simu yako. Unaona jina geni?"

Niliona. Kisanduku chenyewe kinatoa kamtandao kake kadogo, unakaingia kwa simu, halafu unakiambia nyumbani kwako ni wapi. Ni kama mgeni anayekushika mkono stesheni ili umpeleke. Lakini kilipoorodhesha mitandao iliyo karibu, wetu haukuwemo. Ya majirani yote ilikuwepo. Wetu hapana, na ruta inayotoa waifai iko juu ya kabati langu la vitambaa, nikinyoosha mkono naigusa.

"Pole kwa usumbufu," binti akasema.

"Mwanangu, acha kunipa pole za kazini."

Akacheka mpaka akakohoa, na kikohozi chake kikanifanya niwaze cha baba yake.

Jumapili, 10 Machi

Binti ameuliza wenzake kazini. Kumbe ruta yetu inatoa mitandao miwili kwa jina moja: mmoja una mbio lakini hauendi mbali, mwingine wa polepole unapenya kuta. Kisanduku kinaujua huo wa polepole tu, nao ruta ilikuwa imeuficha nyuma ya ule wa mbio. Ikabidi niingie kwenye ukurasa wa ruta niupe jina lake peke yake. Nimeuita Mwendopole.

Kisha likatakiwa neno la siri. Ruta ilifungwa na mdogo wake mume wangu, fundi wa antena, ambaye hata mama yao mzazi, Mungu amrehemu, alikuwa akimwita Kesho. Nikampigia.

"Shemeji, neno la siri la waifai ni lipi?"

"Nitakuambia kesho."

"Kesho, mimi nalitaka leo!"

"Ndilo hilo, shemeji. Nitakuambia kesho. Herufi ndogo, bila nafasi."

Miaka yote hii simu zetu zimekuwa zikijiunganisha zenyewe, kumbe tunaishi juu ya mzaha wa mtu.

Jumanne, 12 Machi

Kimekubali! Nilichoma sindano kwenye kikombe cha chai ya mume wangu, na simu ikasema digrii sabini na mbili. Nilimpelekea aone.

"Kwa hiyo sasa tuna kipimajoto cha chai," akasema. Akainywa.

Ijumaa, 15 Machi

Siku ya kwanza ya kazi. Tulikubaliana hivi: yeye atakata nyama na kuipaka viungo ndani, mimi nitawasha moto na kupanga, yeye akinielekeza kutoka dirishani. Heri ningeelekezwa na kasuku.

"Siyo hapo! Rudisha nyuma! Ule mfupa uangalie kwako!"

"Kwangu wapi? Mimi nazunguka!"

Hata hivyo moto ulishika, feni ikaanza kupuliza, na simu ikaonyesha namba ikipanda kidogo kidogo mpaka ikafika digrii mia na kumi, ikabaki hapo hapo ikichezacheza. Niliangalia kila niliposimamisha cherehani. Mpishi wa hoteli tunayoiuzia nyama alipokuja kuchukua mzigo wake alikata kipande, akatafuna, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakujua kwamba Fundi Moshi hakutia mguu bandani.

Fundi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu siku nzima. Hajui pa kukaa. Chumba changu kina kiti kimoja, na nimekikalia mimi.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Amenipangia upya mikasi yangu, mkubwa mpaka mdogo.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Nimeipanga nilivyozoea.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Ameniuliza kwa nini ninashona upande wa ndani kwanza. Nimemjibu. Ameuliza tena kwa namna nyingine. Mungu anisamehe, nilitamani arudi kwenye moshi wake.

Ijumaa, 22 Machi

Mtandao umekatika mara kadhaa. Banda limezungushwa mabati pande tatu, na mvua ikipiga, ile alama ya waifai inabaki kijistari kimoja. Simu inazunguka, inatafuta, inarudi. Kila ilipopotea mume wangu alishika kitasa cha mlango, na kila iliporudi alikiachia. Nilikuwa namwangalia kwa jicho la pembeni. Mtu mzima, mvi kichwani, anatafuta kisingizio cha kutoroka kama mwanafunzi.

Nilimwita Kesho. Alikuja, akatazama bati, akatazama ruta, akasema panahitajika kifaa cha pili cha kupokea mtandao ndani na kuurusha kule nje. Anacho wapi? Atakitafuta. Atakileta lini? Nilijuta kuuliza.

Jumanne, 26 Machi

Kesho hajaja. Mvua imekuja mara mbili.

Jumamosi, 30 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Nitaeleza jana ilivyokuwa kabla sijaanza kujitetea.

Mvua ilikuwa imeanza hata kabla sijawasha moto. Nilikuwa na gauni la bibi harusi ambalo mwenyewe angekuja kulijaribu jioni, na mkono wa kushoto wa gauni ulikuwa umenigomea kukaa. Mume wangu alikuwa ameishika simu tangu asubuhi.

"Mke wangu, hii namba haijatikisika."

"Inasemaje?"

"Mia na kumi."

"Si ndivyo unavyotaka?"

Nikafumua mkono wa gauni. Baada ya muda akarudi palepale.

"Bado mia na kumi. Wiki ile nyingine ilikuwa inapanda na kushuka. Moto ni kitu hai, unapumua. Huu haupumui."

"Unatafuta sababu ya kutoka."

"Sitafuti sababu. Nakwambia ninachokiona."

"Unaona namba nzuri, na hutaki kukubali kwamba mashine inaweza kazi yako."

Alisimama pale, simu mkononi. Sindano ya cherehani ikakatika. Nilipoinama kuitafuta chini akasema kwa mara ya tatu, taratibu kabisa, kwamba namba haijatikisika, nami nikapandwa na hasira.

"Basi nenda! Nenda kakae na moshi wako, niache nishone!"

Alichukua koti, akaweka simu juu ya meza yangu, akafunga mlango bila kuubamiza. Ningefurahi angeubamiza.

Nilibadilisha sindano nikaendelea. Mkono wa gauni ukakubali, na kwa muda nilikuwa mtu mwenye raha, chumba changu, kiti changu, mvua juu ya bati. Halafu nikaitupia simu jicho. Mia na kumi. Ndipo nikaona kitu ambacho yeye alikuwa akiniambia tangu asubuhi: kile kijistari kimoja cha mtandao hakikuwepo tena. Mawasiliano yalikuwa yamekatika zamani, na safari hii bila hata kuzungukazunguka. Simu ilikuwa inanionyesha namba ya mwisho iliyoisikia, kama saa iliyosimama ambayo bado imetundikwa ukutani.

Nikaangalia dirishani. Moshi mzito ulikuwa unatoka chini ya bati, mvua ikiukandamiza usipande juu.

Nilikimbia bila viatu. Upepo ulikuwa umeufungua mlango wa tanuri, hewa imeingia, mafuta ya nyama yamedondokea makaa na kuwaka. Kioo cha kisanduku chenyewe kilikuwa kinasema ukweli pale bandani, digrii mia mbili na kitu, na hapakuwa na wa kukisoma. Mume wangu alikuwa ameshika nguzo kwa mkono mmoja. Mlango alikwisha kuufunga. Mkono mwingine ulikuwa unanyooka kuelekea tundu la hewa, midomo yake ikiwa na rangi ya majivu.

"Funga," akasema. "Tundu."

"Achana na tundu!"

"Funga. Nyumba."

Bati la banda linagusana na paa la jikoni. Nililifunga tundu kwa kisigino, nikamkumbatia kiunoni, nikamtoa. Sijawahi kuhisi uzito wake namna ile. Jirani yetu dereva wa teksi alitusikia, akaja na gari mpaka mlangoni, hakuuliza swali.

Sasa amelala, hewa inamwingia kwa mpira wa puani. Alipopata sauti, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nyama?"

"Imeungua."

Akafumba macho kwa huzuni ya kweli. Mimi nikacheka, nikalia, nesi akaniuliza kama nataka maji.

Jumapili, 31 Machi

Kesho amekuja hospitali. Tulikaa kwenye benchi la korido. Nilikuwa nimemwandalia maneno, nayo hayakuwa ya heshima. Lakini alifungua mkoba wake wa kazi kabla sijafungua kinywa. Ndani, kati ya koleo na waya, kulikuwa na kifaa cheupe cha antena mbili.

"Hiki hapa, shemeji. Ninacho tangu siku ile uliyoniita. Nilikuwa nacho mkobani nilipokuwa nalitazama bati lenu."

"Na ukaniambia utakitafuta?"

Akakitazama kifaa.

"Ningekifunga, kaka asingekuwa na sababu tena ya kwenda bandani. Na asipokwenda, moto utashikwa na nani? Wewe una cherehani. Ni mimi. Watu wataanza kuniita mimi Fundi Moshi, yeye akisikia, yuko ndani. Kaka amenisomesha kwa ule moto. Niliona ni kama kugawana nguo za mtu angali anapumua."

Miaka yote nimekuwa nikisema shemeji yangu ni mvivu. Nimesema mbele ya wageni. Nilimsogezea chai yangu, akainywa.

"Ulimwambia yeye?" nikamuuliza.

"Nitamwambia kesho," akasema. Kisha akasikia alichosema, akainuka, akaingia wodini siku ile ile.

Sijui walisema nini. Nilimsikia mume wangu akikohoa, halafu nikamsikia akisema, kwa sauti ile ya dirishani, "Siyo hivyo! Kuni kavu zinakaa chini!"

Jumatano, 3 Aprili

Amerudi nyumbani. Nilimwomba radhi kabla hajavua viatu, nisije nikajipa muda wa kutafuta maneno mazuri. Nilisema, "Ulikuwa unaniambia, nami sikusikia."

"Ulikuwa na gauni," akasema.

"Usinitetee."

"Haya. Hukusikia." Akavua kiatu cha pili. "Na mimi ningeweza kuita badala ya kwenda. Nilikwenda kwa sababu ulinifukuza, na kwa sababu nilitaka kwenda. Yote mawili."

Alhamisi, 4 Aprili

Kesho amekuja alfajiri, nikadhani nimekosea saa. Amepitisha waya wa umeme ndani ya bomba la plastiki kutoka sebuleni mpaka chini ya paa, akakifunga kile kifaa cheupe nje ya bati, kinatazamana na upande wa banda ulio wazi. Kikatakiwa kuunganishwa na Mwendopole, nami nikamwelekeza, maana kwa sasa mimi ndiye mzoefu. Mistari yote imejaa. Tukaongeza na kengele: mtandao ukikatika simu inalia, isikae tena inatudanganya kwa upole.

"Ile kengele ingekuwepo mapema," nikasema.

"Ipo kwenye mipangilio tangu mwanzo," binti akasema simuni. Halafu kwa sauti yake ya nyumbani: "Mama, hata mimi sikuisoma. Nilikuwa naona aibu kukuambia."

Ijumaa, 12 Aprili

Mvua kubwa. Kesho kwenye moto, barakoa usoni, simu moja kule na moja huku. Namba inapumua. Mume wangu anaitazama na kusema "anaongeza kuni sasa," na kweli baada ya muda inapanda. Namuuliza amejuaje. Ananieleza. Kuni mbichi zinaanza kwa kuishusha namba, kavu zinaipandisha moja kwa moja. Mkono wenye woga unaonekana, kwa sababu unafungua mlango mara kwa mara, na kila mara namba inaanguka kama mtu aliyejikwaa.

Nimeishi na mtu huyu tangu usichana wangu, sijawahi kumuuliza swali hata moja kuhusu moto.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimenunua kiti cha pili.

Jumatano, 17 Aprili

Amejifunza kufumua. Ana mkono mwepesi, hakati kitambaa. Anasema ni sawa na kutoa nyama kwenye mfupa. Bibi harusi wa gauni lile alipita kushukuru, akamkuta na mkasi mdogo na miwani, akamsalimia, "Shikamoo, fundi." Akaitikia bila kuuliza ni fundi wa nini.

Ijumaa, 19 Aprili

Kengele imelia mara moja. Umeme ulikuwa umekatika na kurudi. Kesho alipunga mkono kutoka bandani kabla hatujasimama.

Jumanne, 23 Aprili

Jua kidogo. Nguo zimekauka.

Ijumaa, 26 Aprili

Mpishi wa hoteli ameonja, akakunja uso, akaonja tena. "Leo ni mkono mwingine," akasema. Kesho aliangalia chini. Mume wangu aliyekuwa mlangoni akajibu, "Ni mkono wa mdogo wangu. Ukiona kasoro nitajie, nimrekebishe."

"Chumvi kidogo imezidi. Moshi uko sawa."

"Chumvi ni yangu mimi," mume wangu akasema. "Moshi ndio wake."

Sikumwona Kesho usoni, alikuwa amegeuka anafuta tanuri lililokuwa safi.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua zimekwisha, nadhani. Jana daktari alisikiliza kifua chake mbele na nyuma, akamruhusu kutoka kwenda bandani kwa muda mfupi, akae upande unakotokea upepo, asisimame mbele ya mlango. Nilijua leo atatoka. Niliamka nikiwa nimeshajiambia: chumba kitarudi kuwa changu, na si jambo baya, kuna kazi nyingi.

Asubuhi nilikuwa namsimulia jambo la zamani, namna mama yangu alivyopinga ndoa yetu, habari ambayo sikuwahi kumpa kwa sababu hakuwahi kuwepo wakati wa kuipa. Nilikuwa katikati ya maneno yake mama wakati moto wa nje uliposhika sawasawa. Mume wangu akainuka, akavaa viatu vya uani, akajitengeneza kola kama anakwenda ugenini.

"Ngoja kidogo," akasema, akatoka.

Nilimtazama kupitia dirishani. Kesho alisimama akampisha. Hakukaa. Aliweka kiganja karibu na ubavu wa tanuri bila kuligusa, akainamisha kichwa kusikiliza feni, akasema neno moja, Kesho akacheka. Nikarudi kwenye cherehani nikasukuma kitambaa. Sikutaka kuwa mtu wa kuchungulia.

Hata mshono mmoja sikuumaliza. Mlango ukafunguliwa, akavua viatu, akaketi kwenye kiti chake, akavaa miwani.

"Umesahau kitu?"

"Hapana."

"Moto vipi?"

"Mzuri. Anauweza kuliko anavyojua." Akaivuta ile sketi ya kufumua, akatafuta uzi. "Nilidhani nimekumbuka sana kukaa pale. Nimesimama pale, nikawa nasikiliza kama cherehani inaendelea."

Nikatazama simu. Digrii mia na nane, mia na tisa, mia na nane.

"Haya, endelea," akasema. "Mama yako akasema, binti yangu hataolewa na mtu anayenuka moshi. Wewe ukamjibu nini?"

Nikasimamisha cherehani, nikamwambia.